Uliza Simu Kwanza: Ukubwa wa Memori Kadi na Simu Inayoipokea

Hotuba kwa mafundi wa simu na wauzaji wa vifaa vyake, Kisumu

Mabibi na mabwana, mafundi na wauzaji mliofunga vibanda ili tukutane hapa Kisumu, na nyinyi mliopanda matatu za alfajiri kutoka Kakamega, Busia, Siaya na Nakuru, hamjambo na karibuni sana.

Leo tunazungumzia kitu chenye urefu wa milimita 15, upana wa milimita 11 na unene wa milimita moja. Kikianguka sakafuni kibandani, utakitafuta kwa tochi. Lakini ndani yake mna picha za harusi, sauti ya mzazi aliyekwisha kuaga dunia, vyeti vilivyopigwa picha, na nyimbo ambazo mwendesha boda husikiliza kutwa nzima. Mtu akipoteza hivyo, hawezi kuvinunua tena dukani.

Kwenye kaunta zetu husikika maneno mawili. La kwanza: "Nipe memori kubwa kabisa uliyo nayo." La pili, siku tatu baadaye: "Memori uliyoniuzia ni mbovu." Katikati ya maneno hayo kuna swali ambalo halikuulizwa: simu yako ni gani? Tumekuja kuwaomba swali hilo litangulie bei, na kuwaonyesha kwa nini.

Kadi hizi zilitoka mwaka 2004 kwa mkono wa SanDisk zikiitwa TransFlash, na mwaka 2005 zikapewa jina la microSD. Tangu hapo umbo halijabadilika. Ndani ndiko kulikobadilika, na leo kuna koo nne. Ukoo wa kwanza ni SD ya kawaida, unaishia GB 2. Wa pili ni SDHC, uliokuja mwaka 2006, nao unaanzia juu ya GB 2 na kuishia GB 32. Wa tatu ni SDXC wa mwaka 2009, unapita GB 32 hadi TB 2, yaani kama GB 2,000. Wa nne, SDUC wa mwaka 2018, unafika TB 128, na huo bado hautusumbui vibandani. Ukoo wa kadi umechapishwa usoni pake: tafuta herufi HC au XC chini ya nembo ya microSD. Simu husoma ukoo iliotengenezewa pamoja na zile zilizoutangulia. Zilizokuja nyuma yake haina ahadi nazo.

Kwa nini simu ya zamani ikatae kadi ya GB 4, ilhali inaingia vizuri na kukaa? Fikirieni mama anayeuza mahindi sokoni Kibuye. Simu ikitaka kitu kwenye kadi haiiti jina la wimbo, huita namba ya mahali wimbo ulipo. Namba hiyo ina nafasi 32 za sifuri na moja, kwa hiyo huhesabu hadi bilioni 4.29 na kidogo, kisha imekwisha. Kadi za ukoo wa kwanza huhesabiwa baiti moja moja, kama mtu anayehesabu mahindi punje kwa punje. Kwa mwendo huo ukifika GB 4 namba zimekwisha. SDHC na SDXC huhesabiwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, na kila gorogoro ina baiti 512. Namba ni zile zile, ila kila moja sasa inabeba mzigo mara 512, na hesabu inafika TB 2. Ndiyo maana SDXC inaishia hapo. Huo mpaka wa GB 2 wa kadi za kwanza unabanwa zaidi na mfumo wa mafaili uitwao FAT16: una droo 65,536 tu, na droo yake kubwa ya kawaida hubeba kilobaiti 32. Zidisheni wenyewe.

Sasa, simu inapoiamsha kadi, huijulisha kwanza kwa alama kama inajua hesabu ya gorogoro. Simu isiyoijua hainyanyui alama hiyo, na kadi ya SDHC hubaki kimya, haisemi kamwe kwamba iko tayari. Fundi akiifomati kadi hiyo, yaani kuifuta na kuipanga upya, mara kumi, kwa programu kumi, itabaki kimya vile vile. Kwa simu ya namna hiyo tafuta kadi ya GB 2 au chini, na usimlipishe mteja kazi ya kufomati ambayo haina faida.

Jambo linalofuata huwachanganya hata mafundi wazoefu. Boksi moja la simu limeandikwa kwamba inapokea kadi hadi GB 32. Jingine limeandikwa hadi GB 128. Maandishi yanafanana lakini maana zake ni mbili tofauti. GB 2 na GB 32 ni kuta, kwa sababu hapo ndipo ukoo mmoja unakwisha na mwingine unaanza. GB 64, 128, 256 na 512 zote ziko ndani ya SDXC, chumba kimoja kisicho na ukuta katikati. Simu iliyoandikwa "hadi 128" ni simu ya SDXC, na kwa kawaida kampuni imeandika tu kadi kubwa iliyoipima wakati wa kuiunda simu. Kadi ya 256 ikiwekwa mara nyingi husomwa. Hata hivyo kampuni haikuahidi, kwa hiyo iweke mbele ya mteja, nakili mafaili machache, zima simu, iwashe, yafungue tena, ndipo upokee pesa.

Na ukuta wa GB 32 una mlango. SDXC huhesabiwa kwa gorogoro ile ile ya SDHC, na simu nyingi za SDHC zinaweza kuongea nayo vizuri tu. Kinachozikwamisha ni lugha ambayo kadi imeandikiwa kiwandani, yaani mfumo wa mafaili. SDHC hutoka na FAT32. SDXC hutoka na exFAT, mfumo wa Microsoft ambao kwa miaka mingi mtengenezaji wa simu alitakiwa kuulipia leseni, na wengi wa simu za bei nafuu hawakulipa. Microsoft ilifungua maelezo yake mwaka 2019, ndipo exFAT ikaingia kwenye Linux ambayo Android imejengwa juu yake, lakini simu zilizotengenezwa kabla ya hapo bado zimejaa mikononi mwa watu.

Simu isiyoijua exFAT haisemi "lugha hii siielewi". Huandika kwamba kadi ina hitilafu, au kwamba ni tupu, na kumwomba mteja aifomati. Mteja akiwa na picha za simu yake ya zamani humo, akibonyeza kukubali, picha zimekwenda. Tunawasihi: ujumbe wa hitilafu ukitokea baada ya kadi kuhamishwa kutoka simu moja hadi nyingine, msikubali kufomati. Itoeni, itieni kwenye laptopu kwa kisoma kadi, mtazame kama mafaili yapo. Mara nyingi yapo yote, salama. Nakilini kwanza, ndipo mfomati. Na hakikisheni kisoma kadi chenyewe si cha zamani, kwa maana vipo vilivyoishia SDHC, navyo huizushia kadi nzuri ugonjwa ambao haina.

Kuipitisha kadi ya GB 64 kwenye mlango huo, kazi ni hii. Nakili kila kitu kilichomo. Fungua laptopu ya Windows. Lile dirisha la kawaida la kufomati, kwa miaka mingi, halikuruhusu FAT32 juu ya GB 32, na programu rasmi ya SD Association, chama kinachoweka kanuni za kadi hizi, iitwayo SD Card Formatter itairudishia kadi hiyo exFAT, kwa sababu ndiyo kanuni ya ukoo wake. Kwa hiyo tumia Rufus, au ile programu ndogo ya FAT32 Format. Chagua kadi kwa kutazama ukubwa wake, si herufi ya diski peke yake. Diski ya nje iliyochomekwa kando imewahi kufutwa kwa haraka ya namna hiyo kwenye vibanda vingi. Chagua FAT32, droo za kilobaiti 32, njia ya haraka. Itoe kwa usalama, itie kwenye simu, nakili wimbo mmoja, zima na uwashe. Ikisoma, vizuri. Isiposoma, simu hiyo haina mlango, na hapo mpe mteja kadi ya GB 32.

Kabambe, yaani simu ndogo za kubonyeza, zinahitaji tahadhari zaidi. Nokia 3310 ya mwaka 2017 imeandikwa hadi GB 32, na nyingi za kubonyeza zinasema hivyo hivyo. Hata pale kadi ya GB 64 inapokubali baada ya kufomatiwa, simu inachoka. Tazameni hesabu: GB 64 zikigawanywa kwa droo za kilobaiti 32 ni karibu droo milioni 2, na kila droo ina mstari wa baiti 4 kwenye daftari la FAT32. Daftari peke yake linakaribia megabaiti 8. Kabambe ina RAM ya megabaiti chache tu, haiwezi kulibeba daftari hilo lote kwa mara moja. Basi kila ikiwashwa hulisoma kipande kwa kipande, inakwama kwenye nembo, orodha ya nyimbo inachukua dakika nzima, na mteja anadhani betri imekufa. Sisi kwa simu za kubonyeza tunapendekeza GB 8 au 16. Wimbo wa dakika 4 wa kiwango cha kilobiti 128 una kama megabaiti 3.8, kwa hiyo GB 16 hubeba zaidi ya nyimbo 4,000. Benga ndefu za dakika 7 zitapungua hadi kama 2,300, ambazo bado ni safari nyingi za Kisumu hadi Busia. Ziwekeni kwenye folda, si zote mahali pamoja. Redio za boda na zile sabufa za sebuleni nazo ni ndugu wa kabambe: FAT32, na GB 32 ndiyo mwisho wa busara.

Kabla sijasahau ile kesi ya "memori inapungua". Kadi ya GB 32 ikionyesha 29.8 haijaibwa kitu. Kiwanda huhesabu gigabaiti kwa bilioni kamili, simu nyingi na kompyuta huhesabu kwa 1,024 mara tatu. GB 64 itaonyesha 59.6, na 128 itaonyesha 119.2. Yaandikeni ukutani kibandani, yatawapunguzia ugomvi.

FAT32 ina mpaka mwingine, na huu huwaumiza wapiga picha za harusi na mazishi. Faili moja haiwezi kufika GB 4. Video ya kiwango cha 1080 kwenye simu nyingi huandikwa kwa kama megabiti 17 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 128 kwa dakika. Gawanyeni: faili inagonga mpaka kwenye dakika ya 33. Baadhi ya simu hufungua faili jipya na kuendelea. Nyingine husimama kimya kimya, mwenye simu akiendelea kuishika juu huku mchungaji akihubiri, na baadaye hakuna kitu kuanzia hapo. Anayerekodi kwa muda mrefu na simu yake inaelewa exFAT, mwacheni na exFAT. Mkimfomatia FAT32 kwa mazoea mnamkatia video.

Sasa tuzungumzie Android inapomuuliza mteja swali ambalo hakuna anayelisoma. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu zisizofungiwa na mtengenezaji huuliza kadi itumike vipi: kama hifadhi ya kubebeka, au kama sehemu ya hifadhi ya ndani. Mteja mwenye simu iliyojaa huchagua ya ndani, nafasi inaongezeka, anafurahi. Lakini kwa njia hiyo simu huifomati kadi upya na kuifunga kwa ufunguo wa siri, na ufunguo huo unakaa ndani ya simu ile ile. Simu ikianguka majini pale ufuoni na kufa kabisa, kadi ikitolewa nzima kabisa, haifunguki popote. Ikirudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, ufunguo umefutwa. Hakuna fundi Kisumu wala Nairobi atakayeyatoa yaliyomo kwa kisoma kadi. Kwa hiyo mteja anayeweka picha zake muhimu, mshaurini achague ya kubebeka. Ya ndani iwe kwa anayehitaji nafasi ya programu tu, akiwa na nakala mahali pengine, na kadi iwe na alama ya A1 au A2. A1 inaahidi kusoma vipande vidogo 1,500 kwa sekunde na kuandika 500. A2 inaahidi 4,000 na 2,000, ila tu kama simu yenyewe inajua kuitumia. Kadi isiyo na alama hizo itaifanya simu nzima ikwame.

Na mwambieni ukweli kuhusu WhatsApp, kwa sababu wengi hununua kadi kwa ajili yake. WhatsApp huweka picha na video kwenye hifadhi ya simu, na haina mpangilio wa kuzielekeza kwenye kadi ya kubebeka. Ukiiweka kadi ya GB 128 leo, kesho simu itasema imejaa tena. Kinachosaidia ni kuhamisha kwa mkono kila baada ya muda: fungua programu ya mafaili, nenda kwenye folda ya Android, kisha media, kisha ya WhatsApp, nakili picha na video kwenye kadi, hakikisha zinafunguka zikiwa kwenye kadi, ndipo ufute za kwenye simu. Mwonyesheni mteja pale pale kaunta. Ni kazi ya dakika tano.

Kuhusu mwendo, tusikae sana. Alama za C10 na U1 kwenye kadi zote zinaahidi kuandika angalau megabaiti 10 kwa sekunde, V30 na U3 angalau 30. Ile video ya 1080 inahitaji kidogo zaidi ya megabaiti 2 kwa sekunde, kwa hiyo C10 halisi inatosha. Kadi zenye safu mbili za miguu ya dhahabu, za UHS-II, ni za kamera. Simu nyingi hutumia safu moja tu, mteja anakuwa amelipia kitu asichokitumia.

Nisikilizeni sasa kwa makini, kwa maana hapa ndipo watu wetu wanaumizwa zaidi. Kadi ya GB 512 inayouzwa kwa bei ya sahani ya samaki na ugali si ya GB 512. Ndani yake mna chipu ndogo, labda ya GB 8, na kile kidhibiti chake kimeandikwa upya kiseme 512. Simu huamini inachoambiwa. Ukiitia, inaonyesha nafasi kubwa, ukinakili nyimbo kumi zinacheza, muuzaji na mteja wote wanaridhika. Shida huanza GB 8 za kweli zikijaa. Kuanzia hapo kadi inaendelea kukubali mafaili kwa adabu, lakini ama inayatupa, ama inarudi mwanzo na kuandika juu ya yale ya zamani. Majina ya picha yanaonekana yote, kwa sababu daftari la majina liko mwanzoni mwa kadi, kwenye sehemu iliyo ya kweli. Ukifungua picha, nusu ya juu ni uso wa mtoto na nusu ya chini ni kijivu, au haifunguki kabisa. Mteja anasema simu imeingiwa na virusi. Haijaingiwa na kitu. Picha hizo hazikuandikwa popote, na hakuna programu itakayozirudisha.

Kuifomati hakuionyeshi kadi ya namna hii, na kutazama ukubwa kwenye mipangilio hakusaidii. Kipimo ni kimoja: ijaze yote, kisha isome yote. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw. Ondoa kila kitu kwenye kadi kwanza, chagua kuandika na kuhakiki nafasi yote, subiri. Ikimaliza itasema ngapi ni sawa na ngapi zimepotea. Kwenye Linux kuna F3: f3write huandika, f3read husoma, na f3probe hutoa jibu kwa muda mfupi zaidi kwa wenye haraka. Kipimo kamili kinakula muda. Kadi ya GB 64 ikiandikwa kwa megabaiti 15 kwa sekunde inachukua dakika 71, na kuisoma kwa megabaiti 20 dakika nyingine 53, jumla saa mbili na kidogo. Basi pimeni usiku, au pimeni mbili kutoka kila boksi jipya na zote za kuanzia GB 128, kwa kuwa huko ndiko faida ya mdanganyifu ilikolala. Boksi likitoa moja ya uongo, rudisheni lote kwa aliyewauzia. Kuuza bidhaa ghushi ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008, na kusema "mimi nililetewa tu" hakumrudishii mama picha zake.

Je, mteja ambaye tayari anayo kadi ya uongo? Ukishaupima ukubwa wake wa kweli, unaweza kuigawa upya iwe na sehemu moja isiyozidi hapo, na ikatumika kwa nyimbo za boda. Picha na stakabadhi zisiwekwe humo.

Kadi halisi nayo hufa, na ina namna yake ya kufa ambayo kila fundi anapaswa kuitambua kwa macho. Unafuta nyimbo, zinatoweka. Unazima simu na kuiwasha, zimerudi zote. Unafomati, simu inasema imekamilika, ukiirudisha kila kitu kiko kama kilivyokuwa. Si uchawi, na simu haina kosa. Seli zimechakaa, na kidhibiti kimeifunga kadi isiandikike tena ili angalau isomeke. Hiyo ni bahati kwa mteja: nakili kila kitu siku hiyo hiyo, kisha kadi itupwe. Usihangaike nayo.

Kadi isiyosomeka kabisa, anza na miguu yake minane ya dhahabu. Ifute taratibu kwa ufutio safi wa penseli, kisha kwa pamba yenye spiriti ya kusafishia vifaa, iache ikauke. Jaribu kwenye kisoma kadi kingine kabla ya kutoa hukumu. Ikionekana lakini mafaili hayaonekani, usiandike chochote juu yake. Tengeneza nakala kamili ya kadi kwenye laptopu, kisha tumia PhotoRec kwenye nakala hiyo. Hurudisha picha na video kwa kuzitambua kwa alama zake za ndani, ila majina ya mafaili hupotea, kwa hiyo mwambie mteja mapema kwamba atazipanga upya.

Mwisho ni trei. Simu nyingi zina trei ya pamoja, ambapo nafasi ya laini ya pili ndiyo hiyo hiyo ya kadi. Mteja mwenye laini mbili achague kabla ya kulipa. Galaxy S21 ya mwaka 2021 haina nafasi ya kadi, iPhone haikuwahi kuwa nayo, na baadhi ya simu za Huawei tangu mwaka 2018 hutumia kadi iitwayo NM, yenye umbo la nano SIM, ambayo microSD haiwezi kuwa badala yake. Kile kikata laini kisiguse memori kadi hata mara moja, maana chipu imejaa karibu kadi nzima na ukikata ukingo umekata maisha yake. Kadi isipoingia kwa wepesi, imegeuzwa. Itoe, tazama ule mkato wa pembeni, usisukume, kwa sababu pini ya kisoma kadi kilicho ndani ya simu ikivunjika utakuwa umegeuza kazi ya kuuza kadi kuwa kazi ya kufungua simu.

Laptopu tatu ziko kwenye meza ile ya dirishani, H2testw na F3 zimewekwa tayari. Kila aliyekuja na kadi aitie kwenye bahasha ndogo, aandike jina la kibanda, ukubwa uliochapishwa, na simu inayokusudiwa. Aliye na picha ndani anakili kwanza, kwa sababu kipimo kinaanza na kadi tupu. Tutaanza na za GB 128, maana kila moja itatuchukua kama saa nne.